Asilimia 89 ya Nani? Kipimo cha Mapafu na Watu wa Ziwa

Ukikohoa Mwanza zaidi ya wiki mbili, safari yako inajulikana kabla hata hujafika dirishani. Utaombwa makohozi, yatapelekwa kwenye mashine ya GeneXpert inayotafuta TB, yakitoka hasi utapigwa eksirei kama mashine siku hiyo ni nzima, utaondoka na amoksilini. Mwezi ukipita unarudi na kifua kilekile, sasa unaambiwa una pumu, unapewa vidonge vya salbutamo au aminofilini, na ukirudi mara ya tatu unaambiwa jikinge na baridi, vaa sweta asubuhi, upepo wa ziwa sio mzuri. Mi sidharau hii njia, TB ipo na inaua na kuanza kuitafuta yenyewe ni akili, ila angalia kinachotokea kati ya "huna TB" na "una pumu". Hapo katikati kuna watu wengi sana. Kuna mama aliyebanika samaki miaka na miaka kisiwani, kuna kijana aliyekuwa anasaga mawe ya dhahabu kwenye karasha huko Geita, kuna mtu aliyemaliza dozi ya TB akaambiwa umepona hongera na mpaka leo hawezi kupanda mlima wa Igogo na ndoo ya maji bila kukaa kwenye jiwe apumzike. Baadhi yao wana ugonjwa mzito kabisa wa mapafu na hakuna mtu aliyewahi kupima hayo mapafu yanafanya kazi kiasi gani.

Nasema kupima kazi, sio kupiga picha. Eksirei ni picha tu, mtu anaweza kuwa na picha safi na pumzi ya taabu, na mwingine ana makovu ya kutisha kwenye filamu halafu jioni yuko uwanjani anakimbia. Kipimo cha kazi kinaitwa spairometri na kifaa chake ni spairometa, vya siku hizi vingine vinaingia mfuko wa koti. Unavuta hewa mpaka mwisho, unabana midomo kwenye bomba, unapuliza kwa nguvu zako zote mpaka iishe. Mashine inatoa namba mbili za maana, hewa uliyotoa sekunde ya kwanza na hewa yote uliyotoa. Mwenye njia za hewa zilizo wazi anatoa sehemu kubwa sana ndani ya hiyo sekunde moja, mwenye njia zilizobana inatoka kidogokidogo. Ukigawanya ya kwanza kwa ya pili ukapata chini ya 0.70 hata baada ya kuvuta dawa ya kutanua, hapo ndo madaktari wanaanza kusema COPD, ule ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa ambao kwa hesabu za WHO uliua watu milioni 3.5 mwaka 2021, na kwa wale wanaokufa nao kabla ya miaka 70 karibu asilimia 90 wako nchi kama zetu. Kama uwiano uko sawa ila hewa yote ni ndogo, basi huenda mapafu yenyewe ni madogo, au yamekakamaa, au yana makovu, na hapo spairometa inafika mwisho wake kwa sababu haiwezi kupima hewa inayobaki ndani baada ya kupuliza, inabidi mashine nyingine ya gharama zaidi.

Sasa makala nyingi zikifika hapa zinamalizia na "serikali ilete mashine". Mi napinga kidogo. Mashine ndo sehemu rahisi.

Spairometa haijui kama unaumwa. Inachojua ni lita. Ukipuliza lita 2 hizo ni lita 2 popote, Nyegezi ni 2 na London ni 2. Ili ikwambie uko mzima au mgonjwa lazima ichukue hizo lita zako izilinganishe na za mtu mwenye afya wa umri wako, urefu wako na jinsia yako, halafu ikutolee asilimia. Na huyo mtu wa kulinganishwa naye ni nani? Ni kama mizani pale Mwaloni, inaweza kuwa mpya inang'aa ila jiwe la upande wa pili lisipokuwa kilo kweli basi dagaa wote wa siku hiyo wamepimwa uongo.

Na historia ya hilo jiwe haipendezi. Aliyekifanya hiki kipimo kikawa cha maana ni daktari wa Uingereza, John Hutchinson, mwaka 1846, alipima watu zaidi ya 2,000, mabaharia, polisi, wazimamoto, mabondia, maskini wa kulelewa, mabwana wakubwa, akaona ujazo wa pumzi unakwenda na urefu wa mtu. Jamaa alikuwa pia na kazi kwenye bima ya maisha, kwa hiyo tangu kinazaliwa kipimo hiki kilikuwa kinajibu swali la nani alipwe na nani asilipwe, sio la nani atibiwe tu. Miaka mitano baadaye, 1851, daktari mmoja wa kusini mwa Marekani aliyekuwa anatetea utumwa, Samuel Cartwright, akaandika kwamba mapafu ya watu weusi yana upungufu wa kama asilimia 20 na kwamba kazi ya kulazimishwa shambani ndo inawasaidia kupumua. Yani utumwa kama tiba ya kifua. Na usidhani hayo yaliisha na karne ya 19, mpaka juzijuzi mashine nyingi ziliendelea kupunguza kile kinachotarajiwa kwa mtu mweusi kwa asilimia 10 hadi 15, bila mtu kushtuka, kwa sababu lilikuwa limeshakuwa jambo la programu ndani ya kompyuta na sio la mtu.

Mwaka 2012 likaja jedwali kubwa la kimataifa, la kundi la wataalamu wa mapafu linaloitwa GLI, lilikusanya vipimo vya watu 74,187 wenye afya kutoka nchi 26, kuanzia mtoto wa miaka 3 hadi mzee wa 95. Kazi kubwa na ya heshima, siibezi. Ila ukifungua orodha ya makundi unakuta Mzungu, Mmarekani mweusi, Mwasia wa kaskazini mashariki, Mwasia wa kusini mashariki, na wengine. Basi. Afrika kusini mwa Sahara hatukuwa na data za kutosha kuunda kundi, kwa hiyo sisi tukachomekwa kwa Wamarekani weusi.

Nimeshuhudia hiyo orodha ikitumika. Ilikuwa siku ya upimaji hapa Mwanza, akaingia bibi mmoja wa miaka 60 na kidogo, katoka Nansio na meli ya asubuhi, kitenge cha kutokea, begi kakumbatia. Muuguzi binti mdogo, mpole.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Bibi umewahi kuvuta sigara?"

"Sigara? Mimi?" Akacheka mpaka akakohoa.

"Kazi yako bibi?"

"Nabanika samaki. Toka marehemu mume wangu yupo."

Muuguzi akaangalia fomu. Kuna kisanduku cha sigara ngapi kwa siku, kuna kisanduku cha kupikia kuni ndio au hapana, cha kubanika samaki hakipo, ikabidi aandike pembeni kwa kalamu. Na mtu wa huku anajua tofauti yake, kupika ugali kwa kuni ni saa moja, kubanika sangara ni kukaa na moshi kutwa nzima na mara nyingine usiku, umeinama juu ya chanja unageuza samaki, na moshi unatakiwa uwe mwingi maana huo moshi ndo biashara yenyewe. Hayo yote yakaishia maneno mawili pembeni ya karatasi. Halafu akafika kwenye ile orodha ya makundi kwenye kompyuta, akachagua Mmarekani mweusi kwa sababu hakuna kingine kinachofanana, na bibi wa Ukerewe akawa Mmarekani kwa nusu saa.

Kupuliza kwenyewe sasa. Mtu ambaye hajawahi kuona anadhani ni kama kupima presha, unakaa mashine inafanya. Hapana, hiki kipimo kinafanywa na mgonjwa na yule anayemhimiza. "Bibi vuta, vuta, jaza kabisa, haya PULIZA, puliza puliza puliza, endelea, bado ipo, bado ipo, toa yote, usiache bibi usiache!" Ya kwanza hewa ikapita pembeni ya midomo. Ya pili akasita mwanzoni, na ukisita mwanzoni ile sekunde ya kwanza imeharibika. Ya tatu akakohoa katikati. "Mjukuu wangu unataka nife hapahapa?" Chumba kizima tukacheka na yeye akacheka, wakapumzika, wakaanza tena. Utaratibu wa kimataifa unataka mipulizo mitatu inayokubalika, mbili bora zisipishane zaidi ya mililita 150, na mtu mzima asipulizishwe zaidi ya mara nane kwa kikao maana anachoka. Halafu anavuta salbutamo mara nne kupitia chombo cha kati, kinachokaa kati ya dawa na mdomo, anasubiri robo saa, anarudia. Na kabla ya mgonjwa wa kwanza asubuhi mashine yenyewe inatakiwa ihakikiwe kwa bomba la lita 3. Hiyo ni kazi ya mtu aliyefundishwa, anayejua kutazama grafu na kusema hii tupa. Kuna utafiti wa vijijini Tanzania uliochapishwa 2018, watu 869 walijibu maswali na waliopuliza vipimo vya kukubalika ni 496 tu. Zaidi ya theluthi moja walipotea hapo, na hao wanaopotea sio wa bahati nasibu, mara nyingi ni wazee na waliochoka, yani walewale uliokuwa unawatafuta.

Bibi alifanikiwa mwishoni. Lita 2 hewa yote. Karatasi ikatoka asilimia 89, kijani, kawaida.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Kwa jedwali la Mmarekani mweusi mwanamke wa umri na urefu ule alitarajiwa kama lita 2.25, ndo maana 89. Angechaguliwa Mzungu angetarajiwa kama 2.6, na lita zilezile 2 zingekuwa asilimia 77, chini ya ule mstari wa 80 ambao watu wengi bado wanautumia ingawa wataalamu siku hizi wanapendelea kikomo cha chini kinachobadilika na umri. Mtu mmoja, pumzi moja, kubofya mara moja kwenye orodha, na hukumu mbili. GLI wenyewe wakaja na jedwali jipya mwaka 2022 lisilouliza rangi, na mwaka 2023 chama cha madaktari wa kifua cha Marekani kikasema hilo ndo litumike, linaangukia katikati, bibi yetu angekuwa themanini na kidogo, mpakani. Wenzetu Marekani walipopiga hesabu ya hayo mabadiliko, iliyochapishwa 2024, ikaonekana malipo ya ulemavu kwa wanajeshi wastaafu weusi yangeongezeka kwa zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka. Bilioni. Ndo ujue lile jiwe la mizani lilikuwa limebeba nini.

Hapa kuna jibu ambalo linakuja haraka kichwani na nalisikia kwa watu ninaowaheshimu, kwamba basi tutengeneze jedwali letu, la Watanzania, tupime watu wazima wa Kanda ya Ziwa wenye afya tupate kawaida yetu. Kizalendo linapendeza. Mi naliogopa.

Kwa sababu utampata wapi huyo mtu mwenye afya? Utamtafuta asiyevuta sigara, asiye na pumu, asiyewahi kuugua TB, sawa, lakini amekulia wapi? Mgongoni kwa mama jikoni kwenye kuni. Mapafu yanaendelea kukua mpaka ujana, na uzito mdogo wa kuzaliwa, utapiamlo, nimonia za utotoni, moshi, vyote vinayafanya yasifikie ukubwa wake. Tafiti za Malawi, Blantyre na Chikwawa, zilikuta tatizo kubwa zaidi ya njia zilizobana ni mapafu madogo, watu wengi hewa yao yote iko chini ukilinganisha na majedwali ya nje. Na mradi wa BOLD uliopima nchi nyingi ulionyesha hewa ndogo inakwenda na umaskini. Alafu kuna uchambuzi wa 2012 wa Burney na Hooper, wa data za Marekani, kwangu huo ndo unamaliza ubishi, waliangalia ujazo wa hewa na vifo wakakuta kwamba mweusi na mweupe wenye hewa sawa wana hatari sawa ya kufa. Yani yale mapafu madogo hayakuwa "ya kawaida kwao", yalikuwa yanaua vilevile. Kwa hiyo ukichukua watu waliokulia kwenye moshi na njaa ukatengeneza nao jedwali ukaliita kawaida ya Mtanzania, umeyahalalisha madhara, na yule bibi wa Nansio atapata asilimia 100 safi kabisa na kurudi kwenye chanja lake. Tutakuwa tumefanya wenyewe kwa mikono yetu kile alichofanya Cartwright, tofauti ni kwamba sisi tutakuwa na nia njema.

Msimamo wangu ni kwamba tutumie lile la pamoja lisilo na rangi na tukubali kwamba litatuonyesha watu wengi wako chini. Ndio, namba zitatisha. Wizara haitapenda. Ila chini ni chini.

Na bado ile 0.70 nayo ina mtego wake kwetu. Uwiano unashuka wenyewe mtu akizeeka, kwa hiyo mstari mmoja wa 0.70 kwa wote unawapa ugonjwa wazee wasio nao na unawapitisha vijana wanao. Ulaya ambako mgonjwa wa COPD ni mzee aliyevuta sigara miaka 40 hiyo haiumi sana. Huku inauma. Utafiti wa Masindi, Uganda, vipimo vya 2012, ulikuta asilimia 16.2 ya watu wa zaidi ya miaka 30 wana COPD kwa kutumia kikomo cha umri, na karibu wanne katika kila kumi ya hao walikuwa kati ya 30 na 39. Ule wa Tanzania niliotaja, wa miaka 35 kwenda juu, ulipata 17.5. Hizo sio namba ndogo, na ni watu ambao bado wanavuta nyavu na kubeba mizigo.

Tuje kwenye ugonjwa mzito maana huko ndo hela ya utafiti iko. Dawa kubwa za kuvuta za COPD zinasimama juu ya majaribio makubwa, TORCH ya 2007 ilikuwa na wagonjwa 6,112, UPLIFT ya 2008 karibu 6,000. Soma masharti ya kuingia. Umri kuanzia 40. Namba ya spairometa chini ya kiwango fulani cha "kinachotarajiwa". Na uwe umevuta sigara angalau sawa na pakiti moja kila siku kwa miaka 10. Bibi wetu anatolewa kwenye swali la kwanza, alipocheka. Wenye makovu ya TB nao kwa kawaida wanatolewa ili wasichafue data. Kijana wa miaka 34 hana umri. Ukimaliza kuchuja hivyo, mgonjwa wa kawaida wa kliniki ya kifua ya Kanda ya Ziwa hayumo kwenye utafiti uliothibitisha dawa anayoandikiwa, kama anabahatika kuandikiwa. Inawezekana inamfaa, inawezekana haimfai sana, maana njia zilizobanwa na makovu hazitanuki kama zilizobanwa na sigara. Tunabashiri.

Hata madodoso. Kuna lile la kupima kuishiwa pumzi linauliza unahema ukitembea haraka tambarare au ukipanda kilima kidogo. Kilima kidogo! Muulize mtu wa Mabatini au Bugarika ambaye nyumba yake iko juu ya jiwe, atakuuliza tambarare ndo wapi. Mgonjwa mzito atajibu hapana sihemi, kwa sababu alishaacha kushuka mjini muda mrefu, wajukuu ndo wanatumwa.

Kuhusu majiko nitapita haraka kwa sababu yameandikwa sana. Nishati safi naiunga mkono, mkakati wa serikali unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034 na mitungi ya ruzuku inaonekana mitaani. Ila watu wajue majaribio hayajatoa ushindi rahisi, lile la Malawi la 2017 lenye watoto zaidi ya 10,000 halikupunguza nimonia kwa majiko banifu, na lile la gesi lililohusisha Rwanda, Guatemala, India na Peru nalo halikupunguza nimonia kali ya wachanga. Moshi haujawa salama kwa sababu hiyo. Jirani anaendelea kuwasha kuni, takataka zinachomwa, na mama kaanza kuvuta moshi kabla hujamletea mtungi. Na hakuna mtungi wa ruzuku unaobanika sangara.

Mahali ambapo mi ningeanza ni kliniki ya TB. Sababu ni ya kivivu kabisa, wagonjwa tayari wapo, wana kadi, wana tarehe, mwezi wa sita wa matibabu wanakuja wenyewe kufunga dozi. Malawi, Blantyre, waliwapima watu waliomaliza dozi wakakuta kama theluthi moja vipimo vyao vya kupuliza si vya kawaida. Sisi siku hiyo tunawapa mkono na kuwaambia umepona. Mbeya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, walishaingia kwenye utafiti wa nchi kadhaa wa kufuatilia mapafu baada ya TB, kwa hiyo Tanzania ujuzi upo. Mtu aliyepimwa mwezi wa sita akirudi baada ya mwaka anakohoa, daktari ana kitu cha kulinganisha, tena analinganisha mtu na yeye mwenyewe, hapo rangi haiingii wala jedwali haliingii. Asiyepimwa anarudi anaanzishiwa dozi ya TB upya kwa sababu eksirei ina makovu, na hayo makovu ni ya zamani.

Wa pili ni watu wa vumbi. Mawe ya Mwanza ni itale, yana madini ya silika, na pembezoni mwa jiji kuna kina mama wanaponda kokoto kwa nyundo na watoto pembeni wamekaa kwenye vumbi hilohilo. Huko Geita na Nyarugusu karasha zinasaga mawe makavu mchana kutwa. Silika inaacha makovu na inafungua mlango wa TB. Mwenye ajira rasmi ana sheria ya usalama kazini ya 2003 inayotaka apimwe afya, na ana mfuko wa fidia wa WCF unaochangiwa na mwajiri wake. Mama wa kokoto mwajiri wake ni lori linalokuja kununua. Akiishiwa pumzi hakuna anayehitaji kuhesabu asilimia yake.

Najua swali linalofuata, inhela zenyewe, yani dawa za kuvuta, hazipo, kumpima mtu halafu umwambie nini? Ni swali la haki ila lina majibu. Unaacha kumpa antibayotiki kila mwezi, hiyo tu ni hela. Unaacha kumrudishia dozi ya TB bila ushahidi. Kile chombo cha kati cha kuvutia dawa kinatengenezwa kwa chupa ya plastiki ya nusu lita, Heather Zar na wenzake wa Cape Town walishathibitisha mwaka 1999 kwamba kinafanya kazi kwa watoto wa pumu sawa na cha dukani. Na kuna mazoezi ya mapafu, ng'ambo tu ya ziwa Kampala, Mulago, waliwafanyisha watu waliobaki na kifua kibovu baada ya TB kwa wiki sita, kutembea, kukaa na kusimama, kuinua vitu, wakatembea umbali mrefu zaidi na kupumua afadhali. Hakuna dawa hapo, ni ukumbi, kiti na mtu wa kuhesabu.

Na tusijifanye hatuwezi utafiti. Ni Mwanza hii ambayo mwaka 1995 ilionyesha dunia kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa vituoni kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa karibu asilimia 40, utafiti ambao bado unafundishwa vyuoni nje. Tuna NIMR, tuna MITU ya majaribio ya tiba, tuna chuo kikuu cha afya cha CUHAS pale Bugando. Kinachotakiwa ni kamati zinazopitisha tafiti za mapafu ziulize vitu vya kuudhi kabla ya kugonga mhuri, mnatumia jedwali gani, asiyewahi kuvuta sigara anaingia au haingii, aliyewahi kuugua TB anaingia au haingii, na muuguzi atakayehimiza kupuliza kafundishwa wapi na nani atakagua grafu zake. Na jambo moja dogo ambalo halihitaji bajeti, kwenye kadi ya mgonjwa ziandikwe lita, pamoja na urefu wake na tarehe, sio asilimia peke yake, ili siku jedwali likibadilika tena, na litabadilika, yule bibi ahesabiwe upya hukohuko Nansio bila kupanda meli kuja kupuliza.